Ndege wa Mkono

Kila nikitoka likizo Mombasa, mkoba wangu haukosi madaftari ya Kasuku, yale yale tuliyoandikia shuleni. Nilipokuwa mtoto, kasuku kwangu hakuwa ndege. Lilikuwa jina la daftari, na jina la mkebe wa mafuta ya kupikia ambao mafuta yakishakwisha mama aliutumia kupimia mahindi. Ndege mwenyewe nilikuja kumshika mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, hapa Oman, katika duka la ndege huku Seeb ambako sasa naingia mwaka wa saba wa kazi. Na madaftari hayo ndiyo ninayoandikia uzito wao.

Kila asubuhi, kabla ya chakula, kila ndege hupanda mizani. Ni mizani ya jikoni tu, nimeifungia kijiti juu ili miguu ipate pa kushika. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi. Lavubedi wa Fischer, kasuku mdogo sana, hafiki hata 60. Ndege akiugua huficha. Porini mgonjwa ndiye wa kwanza kuliwa, kwa hiyo hata yule aliyekulia kwenye boksi la plastiki, ambaye hajawahi kumwona mwewe maishani mwake, atadonoa chakula mbele yako na kupiga kelele mbele yako huku anakwisha. Mizani hailaghaiwi. Uzito ukishuka siku mbili mfululizo namtenga, namweka kwenye joto, nampigia daktari wa wanyama kabla sijanywa chai. Kuna kasuku mdogo mmoja, aina ya kokatieli, yu hai leo kwa sababu ya gramu 7 zilizopungua kati ya Jumapili na Jumanne. Na kuna mmoja aliyekufa wiki niliyokuwa kitandani na homa, kurasa za siku hizo ziko tupu hadi leo. Sijazichana.

Duka hufunguliwa saa tatu lakini mimi huingia saa kumi na mbili. Wa kwanza kusikia ufunguo ni Nahodha, yule kasuku mkubwa wa asili ya Amerika Kusini, mgongo wa buluu na kifua cha manjano. Anapiga ukelele mmoja na duka zima linaamka. Naondoa vitambaa juu ya matundu kimoja kimoja, na kabla ya lolote jingine naangalia magazeti yaliyotandikwa chini. Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu tatu, ya kijani au kahawia, nyeupe na majimaji, na mtu wa kazi hii huzisoma kama mama anavyosoma nepi ya mtoto. Kisha maji mapya, punje, karoti na boga vya kukatakata, mchicha, pilipili. Pilipili kali kabisa, zile kichaa. Ndege hausikii ule ukali tunaousikia sisi, na Nahodha hutafuta mbegu zake kwanza.

Baada ya hapo huja saa moja na nusu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo wanapocheza.

Wateja hudhani kucheza ni mambo ya kuwavutia wao. Lau wangekuwepo saa moja asubuhi wangeona ndege wakicheza hakuna wa kuwatazama. Yuko konyua mmoja, kasuku mdogo wa kijani, jina lake Fulful, ambaye hulala chali kiganjani mwangu, miguu juu, macho yamefumbwa nusu, akingoja nimkune tumbo. Wageni huniuliza kama kafa. Wako lavubedi wanaochana magazeti yangu vipande virefu vilivyonyooka, kila kimoja upana sawasawa kama kimepimwa kwa rula. Tunao wa aina mbili, na kila aina ina desturi yake. Wale wa mashavu ya rangi ya waridi, ambao asili yao ni Namibia na Angola, huchomeka vipande kwenye manyoya ya kiunoni wakatembea navyo. Wale wa Fischer, ambao kwao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini ya Ziwa Viktoria na Serengeti, hubeba kimoja kimoja mdomoni. Hakuna aliyewafundisha. Hawajawahi kuiona Serengeti, wala mama zao hawajaiona.

Na yuko Pamba, kakatuu, yaani kasuku mweupe wa kishungi, fundi wa nati. Huikamata nati ya tundu lake kwa ncha ya mdomo, ulimi umeegemea pembeni kama kidole gumba, anazungusha, anapumzika, anazungusha. Ikitoka haitupi. Huipeleka kwenye bakuli la maji, akaidondosha, akainamisha kichwa kusikiliza. Tlip. Kishungi kinasimama. Huizamia, akaitoa, akaidondosha tena. Asubuhi moja niliacha ufagio nikahesabu, akafika mara kumi na tisa. Alipobadilisha ilikuwa ni kuijaribu kwenye bakuli la chuma la jirani yake, kupitia uwazi wa tundu, nadhani kusikia sauti nyingine.

Ndege kama huyu usipompa cha kuharibu atajiharibu mwenyewe. Nimewapokea waliorudishwa na wenyewe, kifua kitupu kama kuku wa kuchinjwa, kichwa tu ndicho kimebaki na manyoya kwa sababu mdomo wake haukifikii kichwa. Ndiyo maana nakusanya kila kitu: makuti ya mitende, magunzi ya mahindi, maboksi ya tambi, vifuu vya nazi. Nafunga lozi ndani ya gunzi, nalifunga gunzi kwa jani, nalitia jani ndani ya boksi. Dakika arobaini za kazi. Ukimpa ile lozi mkononi ameimaliza kwa sekunde kumi, na saa tisa zilizobaki za mchana zote zinamkodolea macho.

Sasa nieleze maana ya ndege wa mkono, kwa sababu neno hili kwenye biashara yetu hutamkwa upesi upesi, na bei hupanda hapo hapo.

Kasuku wa kijivu huatamia mayai yake siku 28 hivi. Kinda hutoka uchi, kipofu, kichwa kizito kuliko shingo. Akifika kama wiki tatu, wafugaji wengi humtoa kwa wazazi na kuanza kumlisha wenyewe, ili akue akimjua binadamu. Kinda wetu Tende nilimtoa akiwa na siku 20. Mzee, mwenye duka, ana jozi moja ya kasuku nyuma ya duka, na mwaka ule walitotoa kinda mmoja tu. Nilihamishia godoro langu stoo. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku: mara tano kwa siku nilichanganya uji wake, nikaukoroga mpaka joto likawa sawa juu na chini, nikapima kwa kipimajoto. Unataka kati ya nyuzi 39 na 41. Kidole hakikwambii, wala kifundo cha mkono. Ukiwa baridi anaukataa au unaganda ndani, ukizidi, unamuunguza. Sirinji huingia upande wa kushoto wa mdomo wake na kuelekea kulia, kwa sababu njia ya chakula iko kulia na njia ya pumzi iko katikati. Mdomo ukigusa sirinji, mwili mzima unaanza kusukuma, juu chini, juu chini, kwa nguvu isiyolingana na kiumbe cha ukubwa ule. Unaliona gole, kile kifuko chini ya shingo, linajaa mbele ya macho yako. Linapokuwa laini kama puto lisilojaa sana unaacha, hata akililia zaidi. Kisha unafuta kidevu kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, anaegemea kidole chako cha shahada, analala.

Ukishamfanyia mtu hivyo mara mia mbili, ni wako. Na hapa ndipo pana deni ambalo wauzaji hatupendi kulitaja. Kasuku ni ndege wa kundi. Huyu tumemnyang'anya kundi lake akiwa hajafumbua macho vizuri, tukampa sura zetu badala yake. Uchangamfu wote huo unaowafanya watoto wapige makofi dukani, kupanda begani, kuchomoa vifungo vya shati, kutia kichwa chini ya kidevu chako, ni ndege anayekutendea kama unavyotendewa ukiwa ndugu yake. Ukiondoka asubuhi ukarudi usiku, kwake ni kundi zima limeruka likamwacha.

Na liko jambo moja la biashara hii ambalo nalipinga waziwazi, popote nitakapoulizwa. Ni kuuza kinda ambaye bado analishwa kwa sirinji. Mteja huambiwa, "Umlishe mwenyewe, atakupenda zaidi." Si kweli. Aliyeachishwa vizuri na mtu anayejua huja kumpenda mtu mpya vilevile, na ana afya. Kinachomfaidi muuzaji ni kupunguziwa wiki tano au sita za kuamka usiku.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Tende alipokuwa na wiki tisa alikuja kijana mmoja, mpole, mwenye pesa mkononi, akasema amewahi kulisha. Kasuku wa kijivu huachishwa kwenye wiki ya kumi na mbili hadi ya kumi na sita. Nikamwita Mzee kando. "Mzee, huyu bado." Akaniangalia, akaiangalia mizani, akasema, "Kijana ana uzoefu, mwanangu. Mwandikie kila kitu." Nikaandika. Nikamfundisha saa nzima, nikampa kipimajoto changu. Lakini sikusema tena neno lile, na nilipaswa kulisema mara ya pili na ya tatu.

Siku ya kumi na mbili simu ililia saa tano usiku. Alikuja na Tende ndani ya boksi la viatu. Juu ya gole palikuwa na kovu jeusi la ukubwa wa jicho, na pembeni mwake uji ulikuwa ukitoka nje, ukigandamana na manyoya machanga. Alikuwa amepasha uji kwenye maikrowevu. Maikrowevu haipashi sawasawa. Kipimajoto kinasoma 40 pembeni, na katikati kuna donge linalochemka. Mtoto hapigi kelele. Anameza kwa sababu ana njaa, nyama inakufa taratibu kutoka ndani, na siku kadhaa baadaye ndipo ngozi inatoboka. Niliandika gramu 318. Aliondoka dukani akiwa na 401.

Daktari hakushona usiku ule. Alieleza kwamba lazima asubiri nyama iliyokufa ijitenge na iliyo hai, ndipo akate na kufunga. Siku sita nikawa namlisha kidogo kidogo, kila saa mbili, kitambaa kimekandamizwa juu ya tundu ili chakula kisimwagike chote. Kijana alikuja kila siku baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda, hakutaka pesa zake. Sikuweza kumkasirikia. Mzee ndiye aliyekuwa kimya zaidi. Siku ya operesheni alibandika karatasi kaunta kwa Kiarabu na Kiingereza, akanipa kalamu niongeze Kiswahili: hakuna ndege anayetoka hapa kabla hajala mwenyewe wiki mbili bila kupungua uzito. Tumeshapoteza wateja kwa karatasi hiyo. Haijabanduliwa.

Tende alipona. Lina mkunjo, gole lake, likijaa linaelekea kushoto. Na neno lake la kwanza lilikuwa "bado".

Alilipata mizanini. Kila asubuhi alikuwa akitaka kushuka kabla namba hazijatulia, nami nikimwambia "bado, bado," kisha "haya". Nilipokuwa shule, mwalimu akitaka kumuumbua mtu aliyekariri bila kuelewa alimwambia anasema kama kasuku. Ningependa mwalimu yule amwone Tende. "Bado" yake ya kwanza hakuisemea mizanini. Aliisema jioni moja nilipomnyooshea mkono kumrudisha tunduni, naye yuko juu ya boksi, hajamaliza kulichana. Akageuza kichwa, mboni zikakaza na kulegea, akasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Bado." Tangu hapo sijamsikia akilitumia vibaya. Birika likibofya anasema "chai". Mashine ya kadi anaiigiza hata nikiwa stoo, nikatoka mbio nikidhani kuna mteja.

Wataalamu walishayaona haya zamani. Mwaka 1977 Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama kule Chicago, akamwita Alex. Kwa miaka thelathini alimfundisha maneno zaidi ya mia moja, majina ya vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita, na Alex akawa anaweza kujibu kati ya vitu viwili ni nini kinachofanana na nini kinachotofautiana. Alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, bado kijana kwa kasuku. Hunigusa mimi kwamba alitoka kwenye duka kama letu. Wangapi wengine walikaa kwenye vijiti vya jirani yake siku ile, wakanunuliwa kama pambo la sebule?

Kuhusu wanakotoka, nitasema kidogo. Msitu wao unaanzia Afrika Magharibi, unapita Kongo, na kwa upande wetu unaishia Uganda na Kakamega. Huko Kongo, Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, una sehemu nzima iitwayo Kasuku. Kati ya mwaka 1982 na 2001 zaidi ya kasuku 600,000 wa porini waliingizwa sokoni duniani, bila kuhesabu waliokufa njiani. Ghana wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, na sasa hata aliyezaliwa kwa wafugaji lazima awe na hati. Ndiyo maana Tende alivishwa pete mguuni akiwa na wiki tatu: ni duara lisilo na maungio, huingia mguu ukiwa mdogo tu, huwezi kumvisha aliyekamatwa mkubwa.

Ramadhani iliyopita mtu alileta kasuku ndani ya katoni ya maji, macho ya manjano, hana pete. Nilipofungua kifuniko alinguruma. Asiyewahi kuusikia mngurumo ule atadhani ni mashine. Ni sauti ya kasuku wa kijivu mwenye hofu ya kufa. Wa mkono hangurumi hivyo kwa uso wa mtu tu. Mzee alisema hapana kabla sijageuka kumwangalia. Ila katoni iliondoka na ndege wake, na bado nausikia.

Bibi alianza kuja baada ya hapo. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Oman miaka ya sabini kama wengi walivyokuja Sultan Qaboos alipofungua milango. Nilikuwa nafagia, nikasikia Kiswahili nyuma yangu.

"Huyu mtoto wa nani aliyefunzwa kusema bado?"

"Shikamoo Bibi. Nimemfunza mimi."

"Marahaba mwanangu. Barazani kwetu kulikuwa na mmoja kama huyu. Kila apitaye akimwamkia. Tulipoondoka tulimwacha kwa jirani." Akanyamaza. "Huyu mnauza?"

Nikamwambia bado, na Tende akaitikia "bado". Nilimwomba awe anakuja tu kwanza. Akawa anakuja kila Alhamisi baada ya alasiri, na begi la vifuu alivyokuwa akivitunza jikoni kwake. Tende alipanda abaya yake kuanzia pindo, hatua kwa hatua, mdomo mguu, mdomo mguu, mpaka begani, akatia kichwa ndani ya mtandio. Nikamweleza kila kitu. Sufuria zisizoshika chakula zikiungua hutoa moshi unaoua ndege kwa dakika chache. Parachichi ni sumu kwake, na chokoleti. Unga wa manyoya yao humsumbua mwenye pumu. Kiyoyozi kikizimika Juni, usingoje fundi, mtoe umpeleke palipo na baridi.

Alhamisi ya tano nilimwambia lile lililokuwa likinikaa kooni. Kasuku akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka hamsini. Nikakosa namna ya kumalizia.

"Umri wangu naujua, mwanangu," akasema. "Wiki ijayo n'takuja na mwenye kumrithi."

Alikuja na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na tatu. Wiki mbili za kwanza Tende alimkwepa, na yeye hakulazimisha. Alikaa chini kwenye kigae, akawa anachana boksi la tambi polepole, bila kumwangalia, mpaka ndege akashuka mwenyewe kuja kumwonyesha linavyochanwa.

Alhamisi iliyopita nilimwachia mizani. Akanyoosha mkono, Tende akapanda, vidole viwili mbele viwili nyuma, akashuka kwenye kijiti. Namba zikacheza. Msichana akasogeza uso karibu.

"Bado," Tende akasema.

"Bado," msichana akamjibu, akasubiri zitulie.

Nikachukua daftari jipya la Kasuku kutoka rafuni, nikamkabidhi na kalamu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, akaandika jina, na mbele yake: 438.